Maji na Mafuta: Mwongozo wa Kazi ya Ngozi kwa Mkazi wa Roseville

Ukitaka kuanza kazi ya ngozi kama uraibu wa jioni, usianze kwa kununua ngozi. Nenda mlangoni kwako utazame viatu. Ikiwa unaishi Roseville, Minnesota, na majira ya baridi yamekolea, viatu hivyo vina mistari myeupe iliyopanda kutoka kwenye soli. Ni chumvi inayomwagwa barabarani na kwenye maegesho ya maduka ya Rosedale na Har Mar ili barafu iyeyuke. Theluji iliyoyeyuka huibeba, ngozi huinywa, na maji yanapokauka chumvi hupanda nayo hadi juu na kubaki pale. Ukiiacha wiki kadhaa, ngozi hukakamaa. Ukiiacha majira mazima, hupasuka pale kidole gumba kinapokunja.

Changanya maji ya uvuguvugu na siki nyeupe, sawa kwa sawa. Chovya kitambaa, kikamue, kisha pangusa kiatu chote, si mstari wa chumvi peke yake. Ukipangusa mstari tu, utausogeza juu na kupata mpya. Pangusa tena kwa maji matupu. Jaza magazeti ndani ya kiatu ili kisipoteze umbo, uyabadilishe yakilowa, na ukiweke mahali ambapo wewe mwenyewe ungeweza kukaa bila kutoka jasho. Usikiweke juu ya tundu la hita. Ngozi iliyolowa hujikunja na kuwa ngumu kwenye joto ambalo ngozi kavu ingelivumilia, na ikishajikunja hivyo hairudi. Kikibakiza unyevu kidogo tu, kipake mafuta ya ngozi, kiasi cha kufanya kitambaa king'ae na si zaidi. Kesho yake piga brashi.

Hapo umeshafanya nusu ya kazi utakayoifanya katika uraibu huu, maana karibu kila jambo la ngozi ni hesabu ya maji na mafuta: yaliyomo, yaliyotoka, na kilichoingia mahali pao. Mwenye kuishika hesabu hiyo hahitaji kukariri kanuni nyingi. Na Minnesota inaifundisha kwa ukali kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Huko kwetu adui wa ngozi ni ukungu wa kijani kwenye mkanda uliofungiwa kabatini wakati wa masika. Huku hita hufanya kazi miezi sita, hewa ya ndani inakauka hadi midomo inapasuka, na pochi, kochi na mikoba hukauka pamoja nawe. Basi mtu wa pwani aliyezoea kuanika ngozi ili isiote ukungu anapaswa kugeuza mazoea yake: huku unailisha mafuta kabla ya baridi, mwezi wa kumi, na tena baridi ikiisha.

Ijue ngozi uliyoishika

Ngozi mbichi ni nyuzi za kolajeni zilizosokotana, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ukiiacha ilivyo, inaoza. Ukiikausha tupu, inakuwa ngumu kama uso wa ngoma. Kusindika ni kuingiza kitu kitakachokaa kati ya nyuzi maji yakishatoka, ili zisigandane wala zisioze. Binadamu wamegundua njia kuu tatu, na zote tatu zipo katika maisha ya mkazi wa Roseville.

Ya kwanza ni mafuta na moshi, na ndiyo ya kale zaidi. Roseville imesimama juu ya ardhi ya Wadakota, na kaskazini mwa jimbo wako Waojibwe. Watu hawa walikwangua ngozi ya kulungu, wakaipaka ubongo wa mnyama, ambao ni mafuta yanayokubali kuchanganyika na maji, wakaivuta na kuikanda mfululizo mpaka ikakauka ikiwa laini, kisha wakaifukiza moshi. Bila moshi, ngozi hiyo ingelowa mara moja na kurudi kuwa ngumu. Moshi ndio unaofunga kazi. Wahenga wetu nao waliposema ngozi ivute ili maji walikuwa wanazungumza ufundi kabla ya kuzungumza maadili, kwa kuwa ngozi iliyokwisha kukauka haivutiki tena. Wakikuyu walilainisha mavazi yao ya ngozi kwa mafuta ya mbarika. Kusini mwa Ethiopia, wanawake wa Konso wameendelea kukwangua ngozi kwa zana za mawe walizozichonga wenyewe hadi karne hii, wakati sehemu kubwa ya dunia imesahau kabisa kwamba jiwe linaweza kukwangua ngozi.

Umri wa kazi hii ni wa kustaajabisha. Katika pango la Contrebandiers, pwani ya Atlantiki nchini Morocco, wachimbuzi wamepata zana za mifupa za kukwangulia ngozi zenye miaka kati ya 90,000 na 120,000. Ngozi zenyewe hazidumu hivyo, isipokuwa kwa bahati. Katika pango la Areni-1 huko Armenia, mwaka 2008, kilipatikana kiatu cha miaka kama 5,500, kimekatwa kwa kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe na kufungwa kwa kamba ya ngozi. Kilihifadhiwa na ubaridi mkavu wa pango na tabaka la mavi ya kondoo juu yake. Ndani kilikuwa kimejazwa nyasi. Wataalamu wanajadiliana kama nyasi zilikuwa za kutia miguu joto au za kushika umbo la kiatu. Mimi, kila ninapojaza magazeti kwenye buti mwezi wa pili, naegemea upande wa umbo.

Njia ya pili ni ya miti. Magome ya miti mingi yana tanini, kitu kile kile kinachokausha ulimi unapotafuna ndizi mbichi, na tanini hujishika kwenye nyuzi za ngozi. Ngozi ya namna hii ni ya kahawia, nzito kidogo, hubadilika rangi kwa jua na kwa mikono, na hukubali kuchongwa, kugongwa nakshi na kufinyangwa ikiwa na unyevu. Ndiyo ngozi ya mwanafunzi. Ukisoma maelezo yake dukani ukakuta neno mimosa, fahamu kwamba ni muwati. Mti huo asili yake ni Australia na unalimwa zaidi Afrika Kusini, lakini watu wa Njombe, Tanzania, wanaufahamu vizuri: kampuni ya miwati ya TANWAT ilianzishwa huko mwaka 1949 kwa ajili ya kutoa tanini ya kuuza nje. Kwa hiyo mkanda unaokata mezani Roseville waweza kuwa na kidogo cha nyanda za juu za kusini ndani yake.

Njia ya tatu ni kromu. Augustus Schultz alipata hataza yake Marekani mwaka 1884, na kazi iliyochukua wiki au miezi ikawa ya siku moja au mbili. Ngozi ya kromu ni laini, inavumilia maji na joto kuliko ya miti, na ndiyo iliyotengeneza karibu viatu vyote vya ngozi ulivyowahi kuvaa. Mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka Roseville, kando ya Mississippi, uko mji wa Red Wing, ambako kiwanda cha ngozi cha S.B. Foot kilianzishwa mwaka 1872 na kampuni ya viatu ya Red Wing mwaka 1905. Mwaka 1986 kampuni ya viatu ikakinunua kiwanda cha ngozi. Nenda siku moja, uone makumbusho yao na lile buti linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani, saizi 638½. Watoto watalipenda buti. Wewe shika ngozi za madukani, uzikunje, uone jinsi mafuta ya ndani yanavyosogea na kubadilisha rangi pale unapokunja, kisha kurudi. Hiyo ndiyo dalili ya ngozi iliyoshiba mafuta.

Kutambua uliyonayo ni rahisi ukitazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya miti ni kahawia hadi katikati. Ya kromu mara nyingi ina kijivu au samawati katikati, isipokuwa imetiwa rangi hadi ndani. Ukiona kitambaa upande wa nyuma na juu panabanduka kama gamba, hiyo si ngozi bali ni unga wa ngozi uliogandishwa kwa plastiki. Makochi mengi yaliyoachwa kando ya barabara mwisho wa mwezi ni ya aina hiyo. Usijisumbue kuyatengeneza, hakuna mafuta wala rangi itakayoshika. Na maandishi ya kwamba kitu ni ngozi halisi, yaliyogongwa nyuma ya mkanda wa bei rahisi, yasikutie moyo sana. Tabaka duni la chini lililopakwa rangi nzito nalo huuzwa kwa jina hilo.

Msomaji Mwislamu ana jambo moja zaidi la kuangalia. Huku ngozi ya nguruwe hutumika sana kama bitana ya viatu, glavu na pochi. Tazama uso wake kwa makini: vitundu vya nywele vimekaa vitatu vitatu, mithili ya pembetatu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana mpangilio huo. Kuhusu ngozi za wanyama wengine na hukumu ya dibagha, yaani kusindika ngozi, mwulize sheikh wako.

Vyombo, na mahali pa kuvipata

Maduka yatakuuzia sanduku la vyombo thelathini. Unahitaji vichache: kisu chenye ncha kali na bamba za kubadilisha, rula ya chuma, msharasi, sindano mbili butu, uzi uliotiwa nta, uma wa kutobolea wenye meno manne, nyundo ya mpira au ya mbao, gundi, na donge la nta ya nyuki. Ongeza ubao wa kukatia. Msharasi ulio mzuri una ncha ya umbo la almasi, si ya mviringo, kwa sababu tundu la almasi hujifunga juu ya uzi.

Kisu cha nusu mwezi utakachokiona kwenye katalogi, kilichopinda na chenye mpini katikati, kina ukoo mrefu. Kwenye kaburi la Rekhmire huko Thebes, Misri, la miaka kama 1450 kabla ya Kristo, mafundi wa ngozi wamechorwa wakiloweka ngozi, wakikata gidamu na kutengeneza ndara, na kisu walichoshika ni kile kile. Ni kizuri sana, ila kukinoa ni elimu ya peke yake. Kiache kwa mwaka wa pili.

Ngozi ya kujifunzia itafute kwenye maduka ya mitumba kabla ya kuagiza mpya. Mkoba wa ngozi uliochakaa zipu, koti lililopitwa na wakati, mikanda mipana ya miaka ya sabini: vyote hivyo ni malighafi. Ukianza kununua ngozi mpya, utakuta unene unatajwa kwa aunsi, kipimo kinachowachanganya wageni. Aunsi moja ni takriban milimita 0.4. Pochi inataka aunsi 2 hadi 4, mkanda 8 hadi 10. Uliza pia imetoka sehemu gani ya mnyama. Mgongo ni imara na hauvutiki, bega ni zuri kwa kazi nyingi, tumbo ni rahisi lakini hulegea. Mkanda wa tumbo utakuongezea matundu kila mwezi. Mtu wa barafu aliyepatikana milimani kati ya Austria na Italia mwaka 1991, ambaye aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikwishalijua jambo hili la kila ngozi na kazi yake: kofia ilikuwa ya dubu, suruali ya mbuzi, podo la mishale la kulungu, na kamba za viatu za ng'ombe.

Mwezi wa kumi na moja, msimu wa kuwinda kwa bunduki ukifunguliwa, kulungu hupatikana kwa wingi Minnesota na wawindaji wengi hawana haja na ngozi. Chama cha wawindaji wa kulungu cha jimbo kina mpango wa miaka mingi wa kukusanya ngozi hizo na kutumia mapato kwa kuhifadhi makazi ya wanyama. Ukipewa moja na jirani na ukataka kujaribu njia ya Wadakota, usitumie ubongo wa kulungu mwenyewe. Kuna maradhi ya kulungu yanayoitwa CWD, yamekwishaonekana Minnesota, na hukaa hasa kwenye ubongo na uti wa mgongo. Tumia viini vya mayai, au sabuni ya mche iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta. Ngozi haitajua tofauti.

Kwa vitabu, tawi la Roseville la maktaba ya Kaunti ya Ramsey, kwenye Hamline Avenue, litakuagizia hata kilicho kwenye maktaba nyingine za jimbo. Omba The Art of Hand Sewing Leather cha Al Stohlman, cha mwaka 1977. Michoro yake inatosha hata kama Kiingereza kinakuchosha.

Na kama unaishi ghorofani, mfikirie jirani wa chini. Weka ubao juu ya kipande cha jiwe zito, jiwe juu ya taulo lililokunjwa, taulo pale meza inapokaa juu ya mguu wake, na ugonge mchana.

Mshono wa sindano mbili

Jifunze mshono mmoja tu. Cherehani hufunga nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, zikinaswa kila tundu. Ukikatika mmoja, mshono huanza kufumuka. Mshono wa mkono wa sindano mbili hupitisha ncha zote mbili za uzi mmoja katika kila tundu. Ukikatika mahali, uzi wa pili bado umeshika. Ndiyo maana hatamu na matandiko ya farasi yalishonwa hivyo kwa karne nyingi, na mikoba ya bei ghali hushonwa hivyo hata leo.

Chora mstari milimita tatu hadi nne kutoka ukingoni. Gonga uma wako kwenye mstari, ukirudisha jino moja ndani ya tundu la mwisho kila unaposonga ili nafasi zisipotee. Kata uzi mara nne ya urefu wa mshono. Tia sindano kila ncha. Bana kazi yako kati ya magoti kwa vibao viwili, mikono yote iwe huru. Pitisha sindano ya kwanza, sawazisha uzi nusu kwa nusu, kisha kwa kila tundu: sindano ya kushoto ipite kwanza, uivute kidogo, ya kulia ipite nyuma ya uzi huo, halafu vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Siri haiko katika kuanza kushoto au kulia. Iko katika kutobadilisha. Ukibadilisha mpangilio katikati, mshono unaolala kama mvua ya upepo utasimama wima mahali hapo, na jicho la kila mtu litakwenda palepale. Mwishoni rudi nyuma matundu mawili au matatu, kata, na kama uzi ni wa poliesta choma ncha kwa kiberiti na uikandamize. Uzi wa kitani usiuchome. Tone la gundi linatosha.

Kazi za mwanzo zipo tele. Mpini wa mkoba uliofumuka, kitanzi cha mkanda kilichokatika, bizimu iliyolegea. Ipo pia kazi ambayo Mswahili hakuizoea lakini ni ya pesa ndogo za haraka: glavu za besiboli. Theluji ikiyeyuka, watoto wa Roseville hutoa glavu zao na kukuta kamba za ngozi zimekauka na kukatika. Kupitisha gidamu mpya kunataka sindano bapa, uvumilivu na picha uliyoipiga kabla ya kufumua. Tengeneza ya mtoto mmoja, wazazi wa timu nzima watakutafuta.

Ngozi iliyokauka na kupasuka ni habari nyingine. Mafuta huzuia ufa, hayaufungi. Ukikuta nyufa ndogo za juu, safisha, paka mafuta mara tatu kwa siku tatu tofauti, kidogo kidogo, kisha rangi. Ufa uliofika katikati ya unene hauna dawa isipokuwa kiraka kutoka nyuma: kipande chembamba chenye kingo zilizokwanguliwa hadi zikapotea, gundi, na uzito juu yake usiku mzima. Wala usiamini kwamba mafuta mengi ni mapenzi mengi. Ngozi iliyolowa mafuta hulegea, huvuta vumbi, na mshono wake hukata nyuzi za ngozi.

Rangi, na kalenda ya kuzitumia

Tofautisha vitu vitatu vinavyoitwa rangi. Rangi ya spiriti hupenya ndani ya nyuzi. Rangi ya akriliki hukaa juu kama rangi ya ukuta, na ndiyo inayofaa raba na mikoba iliyokwaruzika. Kiwi ya kopo ni nta yenye rangi kidogo, inapendezesha, haibadilishi. Kampuni ya Fiebing, ya Milwaukee katika jimbo jirani la Wisconsin, inatengeneza bidhaa hizi tangu 1895 na utazikuta karibu kila mahali.

Kabla ya rangi ya spiriti, ondoa mng'ao wa zamani kwa pamba na spiriti, la sivyo rangi itaelea. Jaribu kwenye kipande cha pembeni. Paka nyepesi, kwa mizunguko, mara nyingi. Rangi ikiwa mbichi huonekana nzito kuliko itakavyokuwa, na mafuta utakayopaka baadaye yataikoza tena, kwa hiyo hukumu yako ingoje hadi kesho yake. Sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kitoke kisafi, kisha ufunge kwa nta. Ukiruka hatua ya kusugua, mkanda mweusi utaiachia suruali yako ya Idi alama ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa. Na kumbuka kwamba rangi huenda upande mmoja: kahawia huwa nyeusi, nyeusi haiwi kahawia.

Spiriti na gundi za mvuke mkali hazifanyiwi kazi Januari ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, hasa karibu na hita ya gesi yenye moto. Basi panga mwaka wako. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, kata, shona, chonga, tengeneza, tumia gundi na rangi za maji. Rangi za spiriti zingoje hadi uweze kukaa barazani. Vilevile, usiagize gundi au rangi za maji katikati ya baridi kama hutakuwapo kupokea kifurushi; zikiganda mlangoni, huharibika bila kuonyesha.

Ipo rangi nyeusi unayoweza kuipika mwenyewe. Osha stilwaya ya kusugulia sufuria kwa sabuni ili itoke mafuta, itie kwenye chupa ya siki nyeupe, na uiache wiki moja au mbili. Usikaze kifuniko, gesi inatoka. Chuja. Kipake kimiminika hicho kwenye ngozi ya miti na utaona ikigeuka kijivu kisha nyeusi mbele ya macho yako, bila rangi yoyote. Chuma kimekutana na tanini, na weusi huo umo ndani ya ngozi yenyewe. Hauchuji wala hauambukizi suruali. Ni mkutano ule ule uliotoa wino mweusi wa hati za kale. Baada ya nusu saa, pangusa kwa maji yenye kijiko kimoja cha magadi ya kuokea kwa lita, kisha kwa maji matupu, kisha lisha mafuta kwa wingi kidogo kuliko kawaida, maana siki imekausha. Ngozi ya kromu haitabadilika, na hapo umepata kipimo kingine cha kutambua ngozi.

Jozi ya kwanza: makubadhi

Wengi huanzishwa na pochi ya kadi. Sina ugomvi nayo, lakini mtu wa pwani ana kitu bora cha kujifunzia. Makubadhi ni kazi ya Lamu, ya Mombasa, ya Unguja; Siyu, kisiwani Pate, ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi waliosifika sambamba na wanakili wake wa misahafu. Nairobi, soko la Kariokor limejaa mafundi wa ndara hadi leo. Na tofauti na mokasini, ambazo kampuni ya Minnetonka ya hapa Minneapolis imekuwa ikizitengeneza tangu 1946 na mwaka 2021 ikawaomba radhi wenyeji asilia kwa kujitajirisha kwa utamaduni wao, hizi ukizitengeneza hutakuwa na wa kumwomba radhi.

Simama juu ya karatasi nene, chora mguu, ongeza nusu sentimita kuzunguka. Weka alama kati ya kidole gumba na cha pili, na mbili za pembeni pale mguu unapoanza kupanda. Kata soli mbili za ngozi ya miti ya aunsi 8, moja ya juu na moja ya kati, na ya tatu ya mpira. Ukitaka mpira wa akala au katambuga, tahadhari: kwenye matairi ya magari madogo ya huku sehemu inayokanyaga barabara ina waya za chuma zitakazokula kisu chako, tumia ubavu wa tairi. Lowesha soli ya juu kwa sifongo mpaka rangi ya ngozi ianze kurudi, ndipo ugonge nakshi na ukanyage juu yake kwa mguu mtupu dakika chache ili ichukue umbo la wayo wako. Iache ikauke usiku mzima mbali na hita, kisha tia rangi.

Gidamu zikatwe mgongoni mwa ngozi, aunsi 5 au 6, zipakwe mafuta kabla ya kufungwa, kwa kuwa baadaye hutafikia sehemu iliyo ndani ya soli. Pitisha kwenye mipasuo ya soli ya juu, vaa, vuta hadi zikushike bila kukubana, weka alama. Vua, kwangua ncha ziwe nyembamba, zitie gundi chini na uzishone kabla ya kufunika kwa soli ya kati. Gundi ya soli hupakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke hadi isishike kidole, ndipo uzikutanishe na kugonga kutoka katikati kwenda nje. Shona ukingo mzima kwa sindano mbili. Soli ya mpira huja mwisho kwa gundi peke yake, ili ikiisha uibandue na kuweka nyingine bila kugusa mshono. Kingo za ngozi zipige msasa, zilowanishe, zisugue kwa kipande cha mti laini hadi zing'ae, kisha nta.

Buti zako za theluji usizijaribu bado. Soli iliyoshonwa kwenye ukanda unaozunguka kiatu inataka kalibu ya saizi yako, mashine na mkono wa miaka. Mpelekee fundi viatu, na ukae kaunta umwangalie kama atakuruhusu. Mwulize anatumia mafuta gani. Kila fundi ana jibu lake, na wengi wao watakubishia habari ya siki.